Maoni ya Msomaji: Kumjadili Yasmin wa Vuta N'kuvute Chuoni na Kuyapeleka Mafunzo Yake Shule ya Msingi

Makala haya yanahusu sehemu moja ya somo la Kiswahili ambayo aghalabu hufanywa kwa haraka mwishoni mwa kipindi, nayo ni ile ya kumwuliza msomaji ana maoni gani juu ya hadithi aliyoisoma. Katika andalio la somo sehemu hiyo huandikwa kwa maneno machache tu: "Wanafunzi watoe maoni yao." Tunakusudia kuonyesha kwamba maneno hayo machache yamebeba kazi kubwa, na ya kwamba mwalimu ambaye hakuzoea kutoa na kusikiliza maoni angali chuoni hataweza kuyapata kwa watoto wa Darasa la Sita. Mfano wetu ni riwaya ya Adam Shafi iitwayo Vuta N'kuvute, iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 1999, ambayo tumeijadili na wanachuo wengi wanaotoka Mbeya, Iringa na wilaya za jirani.

Tunatambua kuwa riwaya hii si kitabu cha shule ya msingi, wala hatupendekezi isomwe huko. Imewahi kusomwa katika kidato cha tano na cha sita, na wapo wanachuo wanaoijua kwa sifa tu. Tunaitumia chuoni kwa sababu ni hadithi ya mapenzi iliyopandwa ndani ya historia, na kwa sababu mhusika wake mkuu, Yasmin, huwagawa wasomaji kila inaposomwa. Kitabu ambacho wasomaji wote wanakubaliana juu yake hakifai kufundishia jambo hili.

Hadithi kwa ufupi

Tupo Unguja, miaka ya 1950. Yasmin, msichana wa Kihindi mwenye umri wa miaka 15, anaozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa miaka mingi mno. Hakuulizwa. Yasmin anaikimbia ndoa hiyo; jamaa zake wanamkataa kwa kuwaletea aibu; naye anapokelewa Ng'ambo na Mwajuma, mwanamke asiye na mali wala ukoo wa kujivunia, lakini mwenye mlango ulio wazi. Huko anakutana na Denge, kijana aliyesoma Urusi na kurudi kuupinga utawala wa Waingereza, ambaye polisi wa serikali ya kikoloni wanamwandama usiku na mchana. Wanapendana. Mwisho wake hatutausimulia hapa, kwani mwalimu mwanafunzi anayesoma makala haya anapaswa kuufikia mwenyewe, kwa kufungua kurasa.

Majibu yaliyokaririwa

Mara ya kwanza tunapouliza, "Mnamwonaje Yasmin?", majibu huja upesi na hufanana. Yasmin ni jasiri. Yasmin ni mwanamapinduzi. Yasmin anawakilisha ukombozi wa mwanamke. Maneno haya yametoka katika vitini vya uchambuzi vinavyouzwa madukani, ambavyo mwanafunzi hukariri kwa ajili ya mtihani, na mara nyingine hukariri bila kukifungua kitabu chenyewe. Hatusemi kuwa maneno hayo ni ya uongo. Tunasema kuwa si maoni. Maoni ni kauli ambayo msemaji wake yuko tayari kuitetea akipingwa, na mwenye kukariri hana cha kutetea, kwani hajui kauli hiyo ilipatikanaje.

Njia tunayoitumia kulipita ukuta huo ni nyepesi. Tunawaomba wanachuo wafunge vitini, kisha kila mmoja aandike katika kipande cha karatasi, bila jina lake, jibu la swali hili: "Kama Yasmin angekuwa mdogo wako, ungempokea nyumbani?" Karatasi hukusanywa, huchanganywa, na kusomwa kwa sauti na mwanachuo mwingine. Hapo ndipo darasa huamka. Wale waliotoka kusema kuwa Yasmin ni mwanamapinduzi huonekana wameandika kwamba wasingempokea, au wangempokea kwa siku chache tu wakati wanatafuta namna ya kumrudisha kwa mumewe. Mkufunzi asicheke wala asiwasute. Pengo baina ya kauli ya mtihani na kauli ya karatasi ndilo somo lenyewe.

Neno moja, watu wawili

Katika mijadala yetu tumeona kuwa ubishi juu ya Yasmin, ukiuchimba, huwa ni ubishi juu ya neno. Wanaomlaumu husema ana tamaa. Husema anajitakia makuu. Wanaomtetea husema ana ari, ana shabaha, ana hamu ya kuwa mtu. Basi tunaandika maneno hayo yote ubaoni: tamaa, makuu, ari, shabaha, hamu, matumaini. Tunachora safu mbili, moja ya Denge na nyingine ya Yasmin, na kuwataka wanachuo wayagawe.

Matokeo yake hutufikirisha kila mara. Ari na shabaha huenda kwa Denge. Tamaa na makuu huenda kwa Yasmin. Hata wale wanaompenda Yasmin humgawia hamu na matumaini, ambayo ni maneno ya mtu anayengoja, wakati Denge hupewa maneno ya mtu anayetenda. Lakini tukilirudia tendo lenyewe, je, hawa wawili hawakufanya jambo linalofanana? Kila mmoja aliukataa utaratibu aliowekewa na wakubwa. Kila mmoja aliyaacha maisha ambayo yangempa mkate wa uhakika. Ikiwa mmoja ana ari na mwingine ana tamaa, msomaji hana budi kutueleza tofauti hiyo ameiona katika ukurasa gani.

Mara nyingine jibu zuri hupatikana. Mwanachuo mmoja alidai kuwa Denge alitaka jambo kwa ajili ya watu wote, na Yasmin alilitaka kwa ajili yake mwenyewe, na kwa hiyo maneno mawili tofauti ni halali. Hayo ni maoni ya kweli, kwani yana sababu ndani yake na yanaweza kupingwa. Yakapingwa papo hapo na mwenzake aliyeuliza kama mtu anaweza kuwapigania watu wote huku mwili wake mwenyewe umetolewa na wazazi kama bidhaa ya dukani. Tuliwaacha waendelee hadi kengele ilipolia.

Yafaa mwalimu aujue pia ukoo wa neno. Tamaa katika Kiswahili haikuwa jambo la kulaumiwa tu. Tunasema mtu amekata tamaa, nasi tunamsikitikia. Maana yake tamaa ni tumaini pia, na aliyeikata amepoteza kitu chema. Neno lile lile linalomshitaki Yasmin linaweza kumtetea. Watoto wa shule ya msingi wanaweza kulielewa jambo hili vizuri kabisa, na tutalirudia mbele.

Tunamsamehe nani?

Wanachuo wengi walipokuwa sekondari walisoma Takadini, hadithi ya Ben Hanson. Humo Sekai anatoroka kijiji cha mumewe ili kumwokoa mtoto wake mwenye ualbino, ambaye mila ilitaka auawe. Hatujapata kumsikia mwanachuo hata mmoja akimlaumu Sekai, ingawa naye aliukimbia utaratibu, aliwaacha wakubwa na kuvuka mpaka wa jamaa zake. Tukiwauliza kwa nini Sekai amesamehewa na Yasmin hakusamehewa, darasa hunyamaza kidogo. Kisha mmoja husema: Sekai alikimbia kwa ajili ya mtoto.

Upande wa pili tunamweka Siti binti Saad, ambaye si mhusika wa kubuni. Alizaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880, akauza vyungu alivyofinyanga mama yake, akahamia mjini mwaka 1911, akajifunza kuimba, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa sauti katika sahani za santuri. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliyaandika maisha yake. Siti naye hakulaumiwa na wanachuo wetu. Kwake husemwa kuwa alifanikiwa.

Hivyo wasomaji wetu, bila kujua, wana kanuni mbili za msamaha: mwanamke anaweza kutaka makuu ikiwa ni kwa ajili ya mtoto, au ikiwa amekwisha kuyapata. Anayeyataka kwa ajili yake, na bado hajayapata, huyo ndiye mwenye tamaa. Sisi hatuoni kuwa kanuni hizo ni za haki, lakini hatuzitaji mpaka darasa limezigundua lenyewe. Mkufunzi akizitaja mapema zitaingia katika daftari kama kitini kingine.

Mwajuma

Mjadala mmoja ulitupeleka mahali ambapo hatukutazamia. Wanachuo wanaume walikuwa wakibishana kama Yasmin alifanya vyema kutoroka. Mwanachuo mmoja wa kike, aliyekuwa kimya kwa vipindi viwili, akasema kwamba swali hilo haliwezi kujibiwa bila ya Mwajuma. Alisema kuwa kwao wasichana wengi hutoroka pia, au hutolewa, na hawafiki kwa Mwajuma. Hufika katika jiko la mtu wasiyemjua.

Kila msomaji wa Iringa anafahamu alichokuwa akikisema. Kwa miaka mingi wasichana kutoka mkoa huo wamepelekwa Dar es Salaam na miji mingine kufanya kazi za ndani, wengine kabla hawajamaliza shule, hata jina la mkoa limegeuzwa kuwa mzaha katika vinywa vya watu wa mijini. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza maswali juu ya Mwajuma kwanza. Alikuwa na nini cha kupoteza? Kwa nini hakumdai Yasmin kitu? Riwaya ingeishaje kama mlango wa kwanza alioubisha Yasmin ungekuwa wa mtu mwingine? Tumeona kuwa msomaji anayeanzia kwa Mwajuma hutoa maoni yaliyopevuka zaidi juu ya Yasmin, kwani huacha kupima tabia ya msichana peke yake na kuanza kutazama dunia iliyomzunguka.

Kuna na jambo la umri. Yasmin aliozwa akiwa na miaka 15. Wanachuo husema, "Hayo yalikuwa ya zamani." Hapo mkufunzi awaletee Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo vifungu vyake vya 13 na 17 viliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Mahakama Kuu ilitamka Julai 2016 kuwa vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupilia mbali rufaa ya Serikali. Kati ya hadithi ya Yasmin na hukumu hiyo pana zaidi ya miaka 60. Tumeona mwanachuo akichukua kalamu na kuandika tarehe hizo bila kuambiwa.

Historia iliyo karibu

Riwaya ya kihistoria huhitaji historia yake ielezwe, lakini kwa kiasi. Yatosha kusema kuwa Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Waingereza tangu mwaka 1890. Kwamba mji uligawanyika baina ya Mji Mkongwe wa nyumba za mawe na Ng'ambo ya watu wa hali ya chini. Kwamba makuli wa bandarini walianzisha mgomo mkubwa mwaka 1948, ambao Adam Shafi mwenyewe aliutumia katika riwaya yake ya Kuli. Na kwamba vyama vya siasa viliundwa kati ya mwaka 1955 na 1957 na uchaguzi wa kwanza ukafanyika Julai 1957. Zaidi ya hapo ni kazi ya mwalimu wa Historia.

Ugumu ni kwamba kwa kijana wa Kilolo au Kyela, Unguja ya miaka ya 1950 ni mbali. Tumeona inafaa kuanzia nyumbani. Tarehe 9 Julai 1954 fuvu la Mtwa Mkwawa lilirudishwa kutoka Ujerumani na kukabidhiwa kwa Wahehe na Gavana Twining. Hadi leo limehifadhiwa Kalenga. Katika miaka hiyo hiyo vijana wengi wa Rungwe walikuwa wakienda kuchimba madini Rhodesia na Afrika Kusini, na mahari ya ng'ombe ilikuwa ikijadiliwa upya kwa sababu fedha ya migodini ilikuwa imeingia vijijini. Mwanachuo akiambiwa kuwa Yasmin alikuwa akiishi wakati huo, humwona. Humwona kama rika la bibi yake. Tena huweza kwenda likizo na kumwuliza bibi huyo: wewe uliulizwa kabla ya kuolewa? Majibu waliyotuletea baada ya likizo yamekuwa na thamani kuliko insha nyingi. Bibi wengine waliulizwa. Wengine walicheka tu.

Juu ya filamu iliyotengenezwa na Amil Shivji kutokana na riwaya hii, na kuonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka 2021, tuna neno moja tu. Ni kazi nzuri na mwanachuo anaweza kuitazama, lakini aitazame baada ya kusoma, na katika maoni yake aseme wazi kama anasema juu ya kitabu au juu ya filamu.

Kusahihisha maoni

Wapo wakufunzi wenzetu wanaoamini kuwa maoni hayasahihishwi kwa kuwa hayana jibu moja. Hatukubaliani nao. Tunachosahihisha ni njia ambayo mwanafunzi ameipita hadi kulifikia jibu. Katika alama 10, sisi hutoa 2 kwa kauli iliyo wazi, 5 kwa ushahidi kutoka katika hadithi, na 3 kwa kumjibu mtu mwenye maoni mengine. Mwanachuo anayemwona Yasmin kuwa mkosefu, na akaonyesha tendo kwa tendo kwa nini anamwona hivyo, na kumjibu anayemtetea, hupata alama zote hata kama mkufunzi anamwona Yasmin vingine. Tumepata kutoa alama 9 kwa insha iliyomtetea Raza. Mwandishi wake alionyesha kwamba Raza naye alifuata mila iliyowekwa kabla yake, na kwamba hakuna mtu katika hadithi aliyewahi kumwambia kuwa alichokifanya kilikuwa kibaya. Hatukukubaliana na hitimisho lake, ila insha ilikuwa nzuri.

Katika Darasa la Sita

Sasa tuje shuleni, ambako mwalimu mwanafunzi atakwenda kwa mazoezi ya kufundisha na kuwakuta watoto 70 katika chumba kimoja, na kipindi cha dakika 40. Hadithi ya kutumia iwe fupi. Sisi tumependekeza maisha ya Siti binti Saad, yaandikwe na mwalimu mwenyewe kwa sentensi zisizozidi 15, katika bango, kwa maneno ambayo watoto wanayajua. Mwalimu aisome mara mbili. Kisha aulize swali moja, sio matano: "Je, Siti alifanya vyema kuondoka Fumba?"

Kikwazo cha kwanza kitakuwa heshima. Mtoto aliyelelewa kusalimia wakubwa "Kamwene" kwa kuinama hataona kuwa ni adabu kumpinga mwalimu, na wala sio kosa lake. Kwa hiyo mwalimu asiseme maoni yake kabla ya watoto. Akisema, watoto 70 watakubaliana naye, na kipindi kimekufa. Badala yake awape watoto maneno ya kubishana kwa adabu, ayaandike ubaoni na kuyatamkisha: "Nakubaliana na mwenzangu kwa sababu…", "Mimi naona tofauti, kwa sababu…", "Hadithi imesema kwamba…". Mtoto ambaye nyumbani huzungumza Kisafwa au Kikinga ana maoni mengi, bali huenda hana maneno hayo ya Kiswahili, na ukimya wake husomwa vibaya kama ujinga. Tunashauri mwalimu awaruhusu watoto wazungumze wawili wawili kwa dakika 3, hata kwa lugha ya kwao, kabla ya kunyoosha mikono.

Baada ya hapo yaandikwe maneno mawili, ari na tamaa. Watoto waeleze Siti alikuwa na lipi. Kisha mwalimu aulize: kama Siti angekuwa mvulana, tungetumia neno lipi? Katika madarasa tuliyoyatembelea, hapo ndipo wasichana walianza kunyoosha mikono. Mwalimu awape nafasi, na asimpe mvulana nafasi ya kuwajibia. Kazi ya kuandika iwe sentensi 3 tu: nionavyo, kwa sababu gani, na mwenzangu anasemaje.

Hapana budi tuseme na jambo moja ambalo andalio la somo halina nafasi yake. Maswali ya namna hii hugusa nyumba za watoto. Inaweza kutokea mtoto akasema mbele ya wenzake kwamba dada yake aliondoka mwaka jana na hajarudi, au kwamba nyumbani kuna mazungumzo ya mahari naye yuko Darasa la Sita. Mwalimu asimhoji hapo, wala asigeuze habari hiyo kuwa mfano wa somo. Amshukuru, aendelee na mwingine. Kipindi kikiisha, azungumze naye mahali pa wazi ambapo wengine wanawaona ila hawawasikii, kisha jambo hilo lifikishwe siku ile ile kwa mwalimu wa malezi au kwa mwalimu mkuu. Mwalimu aliyeko mazoezini asilichukue jambo hilo peke yake, na asingoje hadi mkufunzi wake atakapofika kumkagua.